MOT ilipita safi, gari ilikuwa imeoza chini: yaliyonipata na gari ya siti saba

Jamani nimeahirisha kuandika hii kitu karibu mwaka mzima, ila wiki iliyopita dada mmoja ninayefanya naye kazi kaniambia anakwenda kununua gari ya familia, bei nzuri, "na MOT yake ya juzi tu dada, ina mwaka mzima mbele" (MOT ndo ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka huku), nikahisi tumbo limenikaza, maana hayo ndo maneno niliyomwambia mume wangu Novemba 2021. Basi nimekaa naandika yote na hela nazitaja, mliofika Uingereza karibuni na mnatafuta gari someni mpaka mwisho.

Sisi tuko Leicester. Mimi nahudumia wazee majumbani, shifti nzima unatoka nyumba hii unakwenda ile, bila gari huna kazi. Tulikuwa na kigari kidogo, mtoto wa tatu alipozaliwa viti vitatu vya watoto havikuenea siti ya nyuma hata tuvipange vipi, ikabidi tutafute ya siti saba. Bajeti ilikuwa paundi 2,500, hela ya mchezo wa kina mama niliyopokea mwezi wa kumi tukaongezea na akiba ya mume wangu. Nikaiona mtandaoni, ya mwaka 2009, dizeli, maili elfu 98 na ushee, rangi ya fedha, ndani inanukia, muuzaji yuko Coventry anataka 2,450. Sitaitaja ni ya kampuni gani, kwa sababu yaliyonikuta yanaikuta gari yoyote ya umri ule kwenye nchi hii ya mvua na chumvi, nikikutajia utaikimbia hiyo ukanunue nyingine yenye ugonjwa ule ule.

Tulikwenda jioni baada ya kazi. Novemba huku saa kumi na moja ni giza tupu, na siku ile mvua ilikuwa inanyesha, na gari ikilowa usiku inang'aa yote, mkwaruzo huuoni, rangi iliyorudiwa huioni, na nani atalala chini kwenye maji aangalie uvungu? Injini tuliikuta imeshawashwa ina moto. Sasa hivi najua kwamba injini ya dizeli iliyochoka inajieleza yenyewe ikiwashwa ikiwa baridi, moshi wake, kusitasita kwake, mlio wa cheni au wa klachi, vyote vinasikika dakika mbili za mwanzo, ikishapata moto inatulia. Muuzaji kijana mpole, akasema gari ni ya mama yake. Kadi ya gari ilikuwa na jina jingine kabisa na nilimuuliza, akasema mama anatumia jina la ukoo wa zamani, nikaridhika, na mtoto alikuwa analia anataka nyumbani.

Halafu akanipa karatasi ya MOT. Imepimwa siku nne nyuma, imepita, na pale chini wanapoandika maangalizo hapakuwa na hata mstari mmoja. Ile karatasi ndo iliyonunua gari, mimi nilitoa hela tu.

Kwa walio nyumbani wasioijua, MOT ni ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka kwa gari iliyofikisha miaka mitatu, ilianza 1960 na jina limebaki la wizara ya usafiri ya enzi hizo. Unafanyika kwenye gereji zilizopewa kibali na mamlaka yao inaitwa DVSA, ada ya juu kwa gari ya kawaida ni paundi 54.85, gereji nyingi wanachukua chini ya hapo. Bila MOT hulipii kodi ya barabara, na ukikamatwa unaendesha bila hiyo faini inafika paundi 1,000. Kwa hiyo ukisikia gari ina MOT unaona serikali imeshaikagua kwa niaba yako. Mimi niliona hivyo.

Tukarudi kwa barabara kuu ya M69 watoto wameimba njia nzima. Desemba ikapita salama, kulikuwa na kamlio kidogo upande wa kushoto nikikata kona, nikasema baridi.

Katikati ya Januari asubuhi nampeleka mkubwa shule, naingia mzunguko, nikasikia paa! kama mtu kakanyaga ubao ukavunjika, gari ikalala upande wa kushoto mbele na usukani ukawa mzito. Nikaisogeza pembeni taratibu. Kutoka nje nikasikia pumzi inatoka kwenye tairi, ssssss, nikachungulia kwa tochi ya simu nikaona springi imekatika pete ya chini kabisa na ncha yake kali imeingia ubavuni mwa tairi. Mikono ilinitetemeka. Barabara ya mzunguko ule ni maili thelathini, lakini dakika kumi kabla nilikuwa natembea hamsini na mtoto yuko nyuma yangu.

Kuna fundi mzee wa Mombasa ana gereji ndogo kwenye matao ya reli, tunamwita Mzee wote, ndiye aliyetuma gari ya kuvuta. Akaipandisha kwenye lifti, akaniita nisimame naye chini ya gari, akasema "mwanangu, hii springi ni kitu kidogo, njoo nikuonyeshe kingine." Akachukua bisibisi, akaanza kugonga kwa kishikio lile bati refu la chini ya milango, kutoka mbele kwenda nyuma. Mbele inalia ting, ting, ting, chuma kizima. Ilipofika usawa wa mlango wa nyuma sauti ikabadilika, pu, pu, kama unagonga boksi. Akageuza bisibisi akasukuma ncha kidogo tu, wala hakutumia nguvu, ikazama mpaka nusu. Alipoichomoa vikadondoka vipande vya kahawia vyembamba kwenye mkono wa ovaroli lake, kama ukoko wa wali ulioungua, na juu yake ngozi nyeusi ya lami bado laini, mpya, inanuka. "Wamepaka lami juu ya kidonda," akasema.

Nikamuuliza kwani lile bati lina kazi gani. Akainyanyua pembe ya zulia ndani ya gari akanionyesha bolti kubwa, akasema huu ndo mzizi wa mkanda wa siti ya katikati. Sheria ya MOT inasema kutu iliyokula bati ndani ya sentimita 30 kutoka pale unapofungwa mkanda, au springi, au usukani, gari inafeli. Na hii ilikuwa na tundu hapo hapo. Siti hiyo anakaa binti yangu wa pili. Nilitoka nje nikalia, sitaona aibu kulisema.

Mzee akaniambia tuangalie historia. Hapa ndo uchungu, maana hii kitu ni bure na ningeweza kuifanya nikiwa kitandani kabla sijatoka nyumbani: unaingia tovuti ya serikali, unaandika namba ya gari tu, inakuletea MOT zote za gari hiyo toka 2005, maili zilizosomwa kila mwaka, ilifeli nini, na maangalizo yote waliyoandika, yale wenyewe wanayaita advaisari. Tukasoma kwenye simu yake. 2018, kutu upande wa chini nyuma kushoto. 2019, kutu hiyo hiyo na bushi imelika. 2020, kutu pande zote mbili, na springi za mbele zina kutu. Halafu Novemba 2021, nyeupe. Hakuna kitu. Nilikuwa na kadi ya gari, na ukiingiza namba ya kwenye kadi mfumo unakuambia mpaka gereji ilipopimiwa, miaka yote ilipimwa Coventry sehemu moja, mwaka ule ikapelekwa mji mwingine mbali.

Kwa hiyo kitu ambacho mimi nilikiona sifa, karatasi haina angalizo hata moja, kwa macho ya Mzee ndicho kilichokuwa kinapiga kelele. Gari ya miaka kumi na mbili iliyoandikwa kutu miaka mitatu mfululizo haiwezi kuamka siku moja haina kutu. Kama ilitengenezwa, basi iwepo risiti ya kuchomelea. Risiti hakuna, ni lami. Siku hizi mtu akinitumia historia naanza na maangalizo ya miaka ya nyuma, nayafuatilia moja moja yalikwenda wapi, na neno kupita naliacha la mwisho.

Sasa nikuambie kosa lililoniuma kuliko yote. Mzee alinipigia hesabu: springi mbili, maana ukibadili moja unabadili na mwenzie, paundi 210 na ufundi, tairi 62, kuchomelea pande zote mbili 380. Jumla 652. Nikasema tengeneza haraka, mimi nina shifti. Tukakopa kwa shemeji. Siku nne gari ikatoka, mabati mapya yamechomelewa vizuri kabisa. Mwezi wa pili ndo naambiwa na dada mmoja msikitini kwamba unaweza kulalamika DVSA ukiona gari yako imepitishwa wakati ilistahili kufeli, wanatuma mtu anaikagua upya. Muda wake ni siku 28 toka ipimwe, ila kwa mambo ya kutu wanakupa miezi mitatu. Nikahesabu, springi muda wake ulishapita, lakini siku tuliyogundua kutu nilikuwa ndani ya muda wa kutu, karibu nusu yake ilikuwa bado. Ila masharti ni kwamba usiguse kitu mpaka waje kuona, na mimi nilishachomelea, kutu imeshakatwa imetupwa. Picha nilizokuwa nazo ni mbili, zote giza. Hakukuwa na cha kukagua tena.

Ikikupata wewe, hata kama huna hela na kazi inakuita, simamisha kwanza. Piga picha nyingi mchana, zenye pleti namba inaonekana, weka na tarehe, peleka malalamiko, subiri wakague, halafu ndo utengeneze. Wanasema wanakutafuta ndani ya siku tano mzungumzie malalamiko yako, na wakiamua kuikagua gari mnapanga siku. Siku hizo ningeweza kupanda basi.

Na muuzaji? Simu haipatikani, tangazo limefutwa. Na hata ningempata, hapa sheria inatofautisha. Ukinunua kwa mfanyabiashara wa magari una siku 30 za kurudisha gari yenye kasoro udai hela yako yote, ni sheria ya haki za mnunuzi ya 2015, na mpaka miezi sita kasoro ikitokea inahesabiwa ilikuwepo toka mwanzo mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Ukinunua kwa mtu binafsi huna kinga hiyo, unadai tu kama alikudanganya kwenye maelezo, na uwe na ushahidi. Ndo maana wapo wafanyabiashara wanaojifanya gari ni ya mama. Jina la kwenye kadi na anuani visipolingana na mtu na nyumba uliyoikuta, rudi nyumbani. Mtoto akilia mwache alie. (Na kuuza gari isiyofaa barabarani ni kosa la jinai kwa yeyote, ila mpaka umpate mtu na uthibitishe, mimi nilikata tamaa.)

Baada ya hapo nikawa namsumbua Mzee kwa maswali, nataka kuelewa MOT inaaminika kiasi gani, na alinijibu kwa subira sana Mungu amlipe. Kwanza, mpimaji haruhusiwi kufungua kitu. Hafungui tairi, hafungui mifuniko ya plastiki ya uvunguni, hatoi zulia, anaangalia kinachoonekana. Brek pedi kama hazionekani kupitia kwenye rimu hazioni, anapima breki inashika kiasi gani basi. Pili, haangalii kabisa hali ya injini, klachi wala giaboksi. Nilirudia kumuuliza hili mara mbili, maana sikuamini. Taiming belti inaweza kuwa imebakiza wiki moja ikatike iue injini, na cheti kitatoka. Tatu, ni kipimo cha chini. Tairi sheria inataka milimita 1.6, yenye 1.7 siku ya kupimwa inapita, na ukiendesha kama ninavyoendesha mimi haimalizi mwezi inakuwa haramu. Tena cheti chenyewe ni cha hali ya gari wakati wa kupimwa tu, bila kufungua chochote. Nne, wapimaji ni watu. Mmoja anaandika kila kitu, mwingine haandiki, mwingine ni rafiki wa muuzaji. DVSA wenyewe huwa wanachukua magari yaliyokwishapimwa wanayapima tena kuona wapimaji wao wanakosea kiasi gani, kwa hiyo hata wao hawajifichi kwamba makosa yapo.

Hivyo mimi MOT naiamini, ila naiamini kwa kile inachopima, na nikiisoma kama mfululizo wa miaka. Karatasi moja peke yake haijaniambia kitu.

Novemba 2022 ikafika zamu yangu ya kuipeleka mwenyewe. Nilijua breki na springi na mabati viko sawa nikaenda na raha, ikafeli. Tairi ya nyuma imelika upande wa ndani, taa za pleti namba zote mbili zimekufa, waipa inaacha maji mbele ya dereva, na kifuniko cha mpira cha bol joint (kiungo kinachoshika gurudumu la mbele) kimechanika. Niliumia, kwa sababu vitatu vya mwanzo ningeviona mwenyewe kwa dakika kumi. Mzee anasema asilimia kubwa ya gari zinazofeli anazoziona ni hivyo hivyo, taa, tairi, waipa, breki, na springi zilizokatika, maana huku wanamwaga chumvi barabarani msimu wote wa baridi na barabara zina mashimo, springi inaliwa na kutu taratibu halafu shimo moja linaimaliza.

Siku hizi wiki tatu kabla natoka nje na mwanangu mkubwa. Yeye anakaa ndani anakanyaga breki, anawasha indiketa, anapiga honi, mimi nazunguka. Tairi napima kwa shilingi yao ya senti 20, unaisimamisha ndani ya mfereji wa tairi, ukiona ile kingo ya pembeni ya sarafu ujue tairi imefika mwisho. Upime katikati na pande zote mbili, na ule wa ndani geuza usukani mpaka mwisho ndo utauona, kwa tairi za nyuma inabidi upige magoti kwenye lami. Naangalia kioo cha mbele kama kina ufa mbele ya dereva. Nawasha swichi naangalia taa za dashibodi, ya injini, ya ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga), ya eabegi, zinatakiwa ziwake kisha zizime, moja ikibaki inawaka unafeli. Na ukinunua uangalie hilo pia, taa isiyowaka kabisa ukifungua swichi inawezekana mtu kaichomoa.

Mkiweza pimeni mapema. Unaruhusiwa mpaka mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kuisha, na tarehe yako ya mwaka unaofuata haipungui. Ikifeli kwa kasoro kubwa za kawaida na cheti cha zamani hakijaisha unaweza kuiondoa ukatafute fundi wa bei yako, lakini wakiandika ni ya hatari, ngazi ambayo wameianzisha toka Mei 2018, usiiendeshe, faini yake inafika paundi 2,500 na pointi tatu kwenye leseni. Ukiiacha itengenezwe pale pale walipopima marudio ndani ya siku kumi za kazi ni bure. Mimi niliipeleka kwa Mzee nikairudisha, nikalipa nusu ya ada, na bado niliokoa, maana ile gereji walitaka 140 kwa bol joint peke yake na Mzee alifanya kwa 75.

Hapa kuna kitu nilichojifunza kwa wenyeji. Baadhi ya halmashauri wana vituo vyao vya MOT kwa ajili ya magari yao wenyewe, na raia wa kawaida wanaruhusiwa kupimisha humo. Vingi havitengenezi magari ya watu, wanapima tu, kwa hiyo hawana faida yoyote ya kukufelisha wala ya kukupitisha. Nikitaka kuijua gari yangu kweli naipeleka huko. Na ukitaka kununua gari na muuzaji ana uhakika nayo, mwambie utalipa wewe MOT mpya kwenye kituo kama hicho. Jibu lake litakusaidia hata kabla gari haijapimwa.

2023 ndo mwaka uliotumaliza kwa mambo ambayo MOT haikuwahi kuyaona. Kwanza ni DPF, chujio la masizi kwenye eksozi la gari za dizeli. Kazi yangu ni safari fupi, dakika sita, dakika nane, gari haipati moto wa kutosha kuyachoma yale masizi, chujio likaziba, taa ya injini ikawaka, gari ikawa haivuti hata kupanda daraja. Fundi mmoja, sio Mzee, akaniambia atalitoboa lile chujio kwa paundi 150 tatizo liishe moja kwa moja. Nilikataa kwa sababu nilishaanza kusoma: toka 2014 gari iliyokuja na DPF ikikutwa haina inafeli, na sheria inakukataza kuiendesha. Mzee akalilazimisha kujichoma kwa kompyuta yake, 90, akaniambia kila wiki niitoe gari barabara kuu ya M1 dakika ishirini kwa mwendo wa kutosha. Nilikuwa natoka Jumapili alfajiri peke yangu kwenda na kurudi Loughborough, nimeweka Kurani, na dizeli inakwenda bure. Kama maisha yako ni shule, duka na kazi ya karibu, nakuomba kaka, dada, usinunue dizeli, chukua petroli hata kama inakula mafuta zaidi kidogo.

Halafu klachi. Ilianza kuteleza mwezi wa tisa, ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele na gari haiendi. Klachi na flaiwili yake, 890. Cheti cha MOT wakati huo kilikuwa na miezi kumi, kipo ndani ya gari, hakina doa. Tulikaa mezani na mume wangu tukajumlisha, gari tuliyoinunua 2,450 imeshameza zaidi ya 1,800 ya matengenezo, bila kuhesabu mafuta, bima na siku nilizopoteza kazini bila malipo. Tuligombana usiku ule. Yeye alitaka iuzwe ilivyo, mtu mwingine ahangaike nayo. Nikamwambia mtu mwingine huyo ana watoto pia. Tukaitengeneza.

Novemba 2024 niliipeleka kituo cha halmashauri. Ikapita na maangalizo matatu: kutu kidogo kwenye paipu za breki, bushi ya nyuma imeanza kulika, na kutu ya juu juu uvunguni. Niliisoma ile karatasi kwenye maegesho nikafurahi kuliko ile nyeupe ya 2021, kila mstari nilikuwa naujua, nilishauona kwa macho yangu.

Mei 2025 tukaiuza, ilikuwa na maili elfu 121. Tangazo nililiandika mwenyewe, nikaweka picha za uvungu, za mabati yaliyochomelewa, maangalizo yote matatu, na risiti zote nikazipanga kwenye faili moja. Bei 650. Watu wawili waliniandikia kwamba nazungumza sana, gari ya bei hiyo nani anataka risiti. Wa tatu alikuwa baba mmoja Msomali, alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, jua linawaka, ameniomba toka jana yake nisiiwashe kabla hajafika. Akaweka mkono kwenye boneti kuhakikisha ni baridi. Kisha akatandika gunia la mchele chini, akalala chali, akaingia uvunguni na bisibisi mkononi, na mimi nikachuchumaa nikamshikia tochi.